Kete Kumi za Mwalimu Bakari

Siku ya arobaini ya Mwalimu Bakari nilifika Mambrui kabla ya watu wengine, kama ilivyo desturi yangu, na katika mfuko wa kanzu nilikuwa na kichupa cha bizari chenye kete kumi za bao. Nilikuwa nimeziosha asubuhi ile kwa sabuni, nikazikausha, nikazihesabu mara mbili ingawa idadi yake naijua kwa zaidi ya miaka ishirini. Mimi ni fundi wa pampu za maji. Kazi hiyo sikufundishwa na mtu. Nimeisoma katika vijitabu vinavyokuja na mashine, na jambo la kwanza nililojifunza ni kwamba kila skrubu iliyotoka mahali hurudi mahali pale pale, la sivyo mashine itakuja kukuaibisha mbele ya mwenyewe. Nilikusudia kuzirudisha kete zile siku hiyo, mbele ya mtu mmoja tu. Mtu huyo ni Charo, na ninayoyaeleza hapa ni ya mwaka mmoja tu, mwaka niliokuwa na umri wa miaka ishirini na mbili, tulipocheza besiboli pamoja. Watu husema nilimwonea wivu. Si neno sahihi. Wivu ni wa mtu na kilicho chake. Mimi nilikuwa na kijicho, na kijicho ni cha mtu na kilicho cha mwenziwe.

Besiboli ilifika kwetu kwa njia ya kawaida kabisa ya Malindi. Mtaliani mmoja mzee, aliyekuwa na nyumba ya wageni karibu na pwani, aliuza kila kitu akarudi kwao, na Mwalimu Bakari, aliyekuwa akimfundisha Kiswahili jioni, akaachiwa gunia la glavu, magongo manne, mipira dazeni mbili na kijitabu cha sheria. Kijitabu kilikuwa cha Kitaliano. Mwalimu hakujua hata neno moja, lakini mimi nilikuwa nimefanya kazi ya kubeba masinia ya kahawa katika mkahawa wa Wataliani, na lugha ile niliichukua mezani, sahani baada ya sahani. Basi mimi ndiye niliyesoma. Nilikaa na kijitabu kile miezi miwili, nikichora vidole juu ya karatasi, nikieleza wenzangu kwamba mrushaji husimama juu ya kilima kidogo, tukakiita kichuguu, akarusha mpira upite mbele ya mpigaji mpaka kwa mdakaji. Mpigaji akikosa mara tatu, ametoka. Wakitoka watatu, zamu imegeuka. Zikiisha duru saba, mchezo umekwisha. Yaani timu nzima humtegemea mrushaji, na yule anayeanza mchezo ni kama bwana harusi, wengine wote ni wasindikizaji. Niliyasoma hayo nikajua mara moja nataka kuwa nani.

Nami nilikuwa mrushaji mzuri. Nalisema hilo bila haya kwa sababu nililifanyia kazi. Nilikuwa na mpira wa kupinda nilioupata ukurasa wa thelathini na moja, na kila alasiri niliurusha mara hamsini kwenye ukuta wa ghala, ndani ya mraba niliouchora kwa chokaa. Kisha akaja Charo. Alitokea Sabaki, kwenye mashamba ya mpunga ya mjomba wake, ambako tangu utoto kazi yake ilikuwa kuwinga ndege, kuwafukuza wasile mpunga. Alikuwa akifinyanga madonge ya udongo asubuhi, akiyaanika, na mchana akiyarusha kwa mkono, si kwa kombeo, akimlenga ndege mmoja katikati ya kundi. Alikuja kwa sababu binamu yake alimwambia kuna watu wanarusha mipira na baadaye wanapewa soda. Mimi mwenyewe nilimshika vidole nikamwekea mpira mkononi, kidole cha shahada hapa, cha kati hapa, mshono uko hivi. Akauliza, "Nirushe?" Nikamwambia rusha. Mdakaji wetu alivua glavu, akatazama kiganja chake, akasema, "Huyu asinirushie tena mpaka nile."

Siku hiyo hiyo Mwalimu aliamua Charo ataanza na mimi nitamfuata. Hakunieleza sababu, wala haikuhitajika. Alichonieleza ni kazi ya pili. Kijitabu kilionya kwamba mwanzoni mwa ligi mkono haujakomaa, na mrushaji asizidishe mipira sabini kwa siku, la sivyo kiwiko kitaharibika kisirudi tena. Nilipomsomea hayo, Mwalimu, ambaye jioni zake zote alizimaliza kwenye bao, aliingia ndani akatoka na mikebe miwili ya maziwa ya unga, mmoja mtupu, mwingine umejaa kete zake za komwe, zile mbegu za kijivu zilizokuwa laini kwa kushikwa. "Kila mpira ukitoka mkononi mwa Charo," akasema, "toa kete moja huku utie huku. Zikiisha, ammalize mpigaji aliye mbele yake, atoke." Nikamwambia bao lina kete sitini na nne, kijitabu chasema sabini. Akacheka. "Kijitabu chasema, na bao lasema. Mie bao nimelijua kabla ya Mtaliani wako." Ikawa sheria yetu. Timu nyingine za ligi zilitucheka, lakini hakuna aliyetukataza. Na mhesabuji nilikuwa mimi, kwa sababu hakuna mwingine aliyeweza kukaa duru sita bila kuzungumza. Kwa hiyo nilimjua Charo kuliko mtu yeyote: kila mpira aliorusha ulipita kwanza vidoleni mwangu, kete moja, mlio mmoja ndani ya mkebe, na kila mlio ulikuwa mpira ambao sikuurusha mimi.

Mechi tatu za kwanza alizianza yeye. Ya kwanza alifika duru ya sita kete zikamwishia, nikamalizia. Ya pili vivyo hivyo. Ya tatu, dhidi ya vijana wa Mambrui, alimaliza duru zote saba na kete tatu zikabaki mkebeni, na mimi sikuvua hata viatu vyangu vya kawaida. Jumatatu yake nilikuwa nanywa chai kwa Bi Rukia, kibanda cha mabati kilichokuwa na meza mbili na benchi moja, mahamri na mbaazi za nazi, redio juu ya ndoo iliyopinduliwa. Kipindi cha michezo kikaanza kuwataja warushaji waliotia fora mwanzo wa ligi. Wa kwanza ni mmoja wa Kilifi, mtumia mkono wa kushoto, waliyemwita Shoto. Wa pili ni kijana mrefu wa Mariakani. Wa tatu, Charo wa Malindi, "mwenye mkono kama mjeledi". Meza ya pili walikuwapo wapakiaji watatu wa lori la matikiti.

"Charo ndiye yupi?" akauliza mmoja.

"Si yule mwinga ndege wa Sabaki."

"Basi ndege wamepata afueni. Sasa amewageukia watu."

Bi Rukia akaniwekea hamri la tatu ambalo sikuliagiza. "We Nasoro, si wacheza na hao? Mbona hukutajwa?"

"Mimi nahesabu, Bi Rukia."

"Wahesabu nini?"

"Anavyorusha Charo."

Wakacheka wote, yeye akiwa wa mbele. "Haya, kula baba. Ngomani kuna wa kucheza na wa kushika mikoba." Nilikula hamri lile lote, kwa sababu lilikuwa limeshawekwa, lakini naweza kusema mpaka leo sijui lilikuwa na iliki au halina.

Ijumaa iliyofuata tukapata habari kwamba mechi ya nne, ya Kilifi, itatazamwa na mgeni kutoka Nairobi anayetafuta mrushaji mmoja wa kanda ya pwani kwa ajili ya timu ya taifa. Mmoja. Usiku ule sikufikiri mengi, na hilo ndilo linalonitisha nikikumbuka, kwamba sikuwa na hasira wala sikuhangaika. Nilifanya hesabu tu. Charo alitumia mipira kumi au kumi na mmoja kwa duru. Kwa kete sitini na nne angefika duru ya sita, na mimi ningebaki na moja, pengine nisipate hata hiyo. Kwa kete hamsini na nne angetoka mwisho wa duru ya tano. Mgeni angeniona duru mbili. Asubuhi, wenzangu walipokuwa wakifunga magongo, nilitoa kete kumi mkebeni nikazitia ndani ya soksi ya mguu wa kulia.

Uwanja wa Kilifi ulikuwa wa changarawe, na jua lilikuwa la kupasua kichwa. Mgeni alikaa chini ya mwavuli, na daftari mapajani. Shoto alirusha vizuri, Charo alirusha vizuri kuliko yeye. Sitaki kumpunja: mpira wake siku ile ulikuwa na mlio. Mwisho wa duru ya nne tulikuwa tunaongoza mbili bila, na mimi nilikuwa nimekaa juu ya benchi nikihamisha kete, mguu wa kulia ukiniwasha. Katikati ya duru ya tano mkebe ukawa mtupu. Niliunyanyua nikaupindua ili Mwalimu aone, kama nilivyofanya siku zote. Mwalimu alitazama mkebe, akatazama jua, akasema, "Mapema leo." Nikamwambia, "Wamemchelewesha wapigaji, Mwalimu." Akamwita Charo alipommaliza mpigaji wake. Charo alinipa mpira mkononi, akanitazama kidogo, akasema, "Shika. Wapinde hao."

Niliwapinda. Hilo nalo ni kweli na hakuna aliyeliandika. Nilirusha duru mbili na kipande, nikafungwa mara moja tu, tukashinda mbili kwa moja, na kila nilipokanyaga kichuguu kete kumi zilinibana kifundo cha mguu. Mchezo ulipokwisha, mgeni alikuja moja kwa moja kwa Mwalimu. Nilikuwa nimesimama hatua mbili, nikijifanya nakunja fulana.

"Yule wa kwanza mbona ulimtoa? Alikuwa hajaguswa."

"Kete ziliisha," akasema Mwalimu, akamwonyesha mikebe yake miwili, akamweleza.

Mgeni akatikisa kichwa. "Mwenzako wa Kilifi bado anamrushisha yule mshoto wake, na mchezo umekwisha, eti awaonyeshe watu. Mimi namtaka mrushaji ambaye mwakani atakuwa na mkono." Akaandika. Aliandika jina moja. Hakuniuliza langu. Nilikuwa nimemtoa Charo uwanjani ili nionekane, na kutolewa kwake ndiko kulikomfanya aonekane zaidi. Mwalimu akaubana mkebe kwapani, akaushika hivyo mpaka kwake Mambrui, na mimi sikupata nafasi ya kurudisha hata kete moja.

Kesho yake mchana alitualika kwake, mimi na Charo, tule tumpongeze mteule. Bi Zena, mkewe, alikuwa amepika wali wa nazi na samaki wa kupaka, na ukwaju ulikuwa bado umeloweka bakulini. Naikumbuka sebule ile kwa kila kitu: mkeka wenye ukingo wa zambarau, saa ya ukutani iliyosimama, harufu ya nazi, pazia lililofungwa fundo ili upepo upite. Sisi vijana tukiwa bado tunakula, jirani yao Mzee Shee aliingia na Mwalimu akateremsha bao. Ni desturi ya bao letu kwamba kila mchezaji aweke kete kumi ubaoni na abaki na ishirini na mbili ghalani. Mzee Shee akapanga zake zote. Mwalimu akapanga zake, akatia mkono mkebeni, akahesabu, akahesabu tena.

"Ghala yangu ina kumi na mbili," akasema.

"Leo wataka kucheza na njaa?" Mzee Shee akamcheka. "Au umeshaniogopa, watafuta udhuru?"

Mwalimu hakucheka. Alikuwa mtu wa hesabu kuliko mimi. Niliona macho yake yakiondoka kwenye mkebe, yakipanda polepole kuja upande wangu, na nilikuwa nimekaa na tonge la wali mkononi ambalo halikwenda mbele wala nyuma. Kete zilikuwa nyumbani, chini ya godoro.

"Ni mimi, Mwalimu," akasema Charo. "Jana niliupiga mkebe teke nikitoka, zikamwagika. Nilidhani nimeziokota zote. Unisamehe."

Mwalimu akamgeukia kwa ukali ambao sijapata kuuona kwake. "Kete hizi ni za babangu! Mkono wa kumpiga ndege mmoja kati ya mia, na macho ya kuokota huna?" Akamsema mpaka Bi Zena akatoka jikoni na mikono imejaa ukwaju. "Muache mtoto wa watu ameze chakula," akasema. "Mbegu si mbegu tu?" Akachagua mbegu kumi za ukwaju bakulini, akazifuta kwa kanga, akazimwaga mapajani mwa mumewe. Bao likachezwa. Charo aliinamisha kichwa akamaliza samaki wake. Mimi nilimeza tonge langu. Nilijiambia kwamba pengine kweli aliupiga mkebe teke, pengine kete nyingine zilimwagika, ingawa mimi ndiye niliyekuwa na mkebe na nilijua haukuanguka. Mtu akitaka kujidanganya, hata hesabu humtii.

Baada ya hapo Charo alikwenda Nairobi, akavaa fulana ya taifa, akapanda ndege mara mbili. Shoto wa Kilifi hakumaliza ligi ile. Kiwiko kilimfura na mpaka leo, nikimkuta sokoni, hubeba kikapu kwa mkono wa kulia. Kijana wa Mariakani naye aliishia vivyo hivyo mwaka wa pili. Sisi tulivunjika kama timu mipira ilipokwisha. Mimi nilipata mashine ya kwanza ya kutengeneza, pampu ya kisima iliyokuwa na kijitabu cha Kitaliano, na maisha yangu yakashika njia nyingine. Sina la kulalamika. Lakini kila niliposikia jina lake nilikuwa nikifungua kabati na kukitazama kichupa, na sikujua nakitazama kwa toba au kwa hasira.

Siku ya arobaini, baada ya hitima na pilau, Bi Zena aliagiza bao litolewe barazani. "Mwalimu aliusia lichezwe, lisitundikwe," akasema. Charo alikuwa ameketi juu ya mkeka, mwili umejaa, mvi mbili tatu kidevuni. Tuliamkiana, tukamwamkia Bi Zena. "Shikamoo, mama." "Marahaba wanangu. Kaeni mcheze, msinikalie kama wageni." Tukapanga. Zile mbegu za ukwaju zilikuwamo bado, kumi, nyeusi sasa, zinang'aa kwa miaka ya vidole vya Mwalimu. Nilisubiri mpaka watu wengine waondoke kwenda kunawa, nikatoa kichupa, nikakiweka kati yetu.

"Hizi ndizo ulizosema umezimwaga," nikamwambia. "Nilizichukua mimi. Kabla ya mchezo."

Charo alikitazama kichupa bila kukigusa. "Kumi," akasema.

"Ulijua?"

"Nasoro, mimi nimekulia kwenye madonge ya udongo. Mwinga ndege asiyejua amebakiwa na mangapi, kundi linamshukia hana kitu. Kila ninachorusha nahesabu, mpaka leo. Siku ile nilirusha hamsini na nne, na mpigaji wa mwisho. Nikaona umeupindua mkebe. Nikasema alhamdulillahi, nami si Mwislamu."

Nikamuuliza kwa nini.

"Kiwiko kilikuwa kinaniuma tangu mechi ya Mambrui. Usiku silali. Na sikuweza kusema, kwa sababu ningesema, ungepanda wewe, na ule mpira wako wa kupinda, mgeni angeuona duru saba." Akacheka kwa puani. "Sikutaka uuone mlango ule wa Nairobi. Ningerusha mpaka kiwiko kikatike kama Shoto. Wewe ukanitoa."

Kwa muda wa kama pumzi mbili nilifurahi kuliko nilivyofurahi siku nyingi. Aliniogopa. Kisha nikaanza kupiga hesabu, kama kawaida yangu, na furaha ikaisha. "Na mbele ya Mwalimu, kwa nini ulijitwika wewe?"

"Angekufukuza. Kisha nani angenihesabia mechi zilizobaki?" Akachukua mbegu moja ya ukwaju akaizungusha vidoleni. "Sasa nafundisha vijana. Nina mikebe miwili na kete. Nawapa hamsini na nne."

"Si sitini na nne?"

"Hamsini na nne. Mimi mwisho wangu niliujua pale."

Nilikuja na dhambi niliyoitunza ndani ya chupa, safi, imeoshwa kwa sabuni, na nikakuta hata hiyo alikwisha kunitangulia kuipata, akaitumia, akaifanya kazi. Bi Zena alitokea na sinia la sambusa, akaliweka ukingoni mwa baraza, akaona kichupa. Nikamwambia ni kete za Mwalimu zilizopotea zamani, nimezipata, nataka kuzitia mahali pake. Akainama akalitazama bao.

"Mwanangu, bao limejaa," akasema. "Hizo za ukwaju Mwalimu alishazizoea. Utazitia shimo gani?" Akarudi ndani.

Nilizimwaga kiganjani, sijui kwa nini, labda nizihesabu. Kunguru akatua ukingoni mwa baraza, akaruka hatua moja kuelekea sinia. Charo hakusimama. Alinyoosha mkono, akachukua kete moja kiganjani mwangu, na mkono ule ukapita mbele ya uso wangu kama ulivyopita miaka ile, bila haraka, mpaka mwisho kabisa ambapo haraka yote hukaa. Kunguru akaruka akipiga kelele, na unyoya mmoja ukabaki juu ya sakafu. Kete ilianguka mbali, kwenye majani ya jirani. Alikuwa na umri wa miaka karibu hamsini na amekaa chini.

"Zamu yako," akaniambia, akionyesha bao.

Nilirudi Malindi jioni ile na kete tisa.